Chios: kisiwa ambacho ramani yake ilichorwa na utomvu

Ukisikia visiwa vya Ugiriki, huenda akilini zinakujia nyumba nyeupe na bahari ya bluu tu. Sasa twende Chios, karibu kabisa na pwani ya Uturuki, tujiulize swali moja: kwa nini wakulima wa kusini mwa kisiwa hiki waliishi ndani ya ngome?

Jibu liko kwenye mti mfupi uitwao mastiki, ndugu wa mpistachio. Kila kiangazi wakulima husafisha ardhi chini ya mti, huipaka udongo mweupe wa chokaa, kisha huchanja gome. Utomvu hudondoka na kukauka polepole. Kama unaujua ubani, basi umeshaelewa: mti ni mwingine, ila kazi inafanana. Watu waliutafuna, wakautumia kama dawa, na uliuzwa ghali.

Mali ya namna hiyo huvuta wezi. Wafanyabiashara wa Genoa, waliotawala Chios kuanzia 1346 hadi 1566, walitaka kuilinda dhidi ya maharamia, na pia kuhakikisha haiuzwi kwa magendo.

Ukifika kijiji cha Mesta utaliona hilo kwa macho yako. Nyumba za pembeni zimeshikana, na migongo yake ndiyo ukuta wa kijiji. Vichochoro ni vyembamba, vingine vimefunikwa juu, na mgeni hupotea kirahisi. Si bahati mbaya hiyo, ndivyo ilivyokusudiwa! Kutoka hapo nenda Pyrgi, ambako kuta zimekwanguliwa michoro ya pembetatu na miraba, rangi ya kijivu na nyeupe.

Baadaye kisiwa kikawa chini ya Waosmani, nao pia waliuthamini utomvu. Halafu ukaja mwaka 1822. Wakati Wagiriki wakipigania uhuru, majeshi ya Sultani yaliingia Chios, yakaua maelfu ya watu na kuwauza wengine wengi utumwani. Vijiji vya mastiki kwa kiasi kikubwa vilisalimika, kwa kuwa dola ilihitaji mazao yao. Yaani mti uleule uliowafungia watu ndani ya kuta ndio uliowaponya.

Kwa hiyo usiishie kusini. Panda milimani hadi Nea Moni, monasteri ya karne ya 11 iliyomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1990. Utaona picha za vijiwe zenye mandhari ya dhahabu, kisha mafuvu ya waliouawa 1822, yamehifadhiwa hapohapo. Hawa hawakuwa na mti wa kuwatetea.

Ukitaka kupumzika, shuka hadi ufuko wa Mavra Volia, karibu na Emporios. Hauna mchanga, una kokoto nyeusi za asili ya volkano. Vaa viatu, maana jua likiwaka zinaunguza!

Mwaka 2012 moto mkubwa uliteketeza sehemu ya mashamba ya mastiki, na mti huu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kutoa utomvu. Basi ukitembea Mesta au Pyrgi, usitazame kuta peke yake. Toka nje uone na miti. Bila hiyo, kuta zile zisingekuwepo.