Kaburi la Baba wa Watatu

Sara alipofariki, Ibrahimu hakuwa na hata kipande cha ardhi cha kumzika. Alikuwa mfugaji wa kuhamahama, mgeni miongoni mwa Wahiti wa Hebron. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia alivyowaendea wenyeji langoni mwa mji akaomba auziwe pango la Makpela. Efroni, mwenye shamba, akamwambia alichukue bure. Ibrahimu hakukubali. Alipima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi, kisha akamzika mkewe. Naye alipofariki, wanawe wawili, Isaka na Ishmaeli, walikuja wakamzika pamoja.

Wayahudi hujihesabu uzao wake kwa Isaka, Waarabu kwa Ishmaeli, na Wakristo, kama Mtume Paulo alivyowafundisha, humwita baba yao kwa njia ya imani. Ukitaka kujua undugu huo una uzito gani, sikiliza ibada za kila siku. Myahudi huanza sala yake kuu, anayoisali mara tatu kwa siku, kwa kumtaja Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo. Katika masifu ya jioni ya Wakatoliki huimbwa wimbo wa Maria, unaokumbuka ahadi aliyopewa Ibrahimu na uzao wake. Muislamu, akiwa katika tahiyatu ya mwisho, humswalia Mtume Muhammad kwa maneno yanayomtaja Ibrahim na jamaa zake.

Mfalme Herode, kabla ya Kristo kuzaliwa, alilizungushia pango la Makpela ukuta wa mawe ya kuchonga, mengine yenye urefu wa mita 7 na zaidi. Ukuta huo umesimama hadi leo.

Karibu na hapo, upande wa kaskazini, ni Mamre, ambako Ibrahimu aliwapokea wageni watatu asiowajua na kuwachinjia ndama. Kisa hicho kimo katika Mwanzo, na Kurani inakisimulia katika sura za Hud na Adh-Dhariyat. Hata hivyo kuna tofauti: katika Mwanzo wageni wanakula, katika Kurani hawaugusi mlo, na hapo Ibrahim anaingiwa na hofu. Lakini kote wanaleta habari ileile, kwamba mkewe mzee atazaa mwana.

Mwanahistoria Sozomen, wa karne ya 5, anaeleza kuwa kila majira ya joto palikuwa na sikukuu yenye mnada mkubwa Mamre. Wayahudi walikuja kwa ajili ya babu yao, Wakristo kwa ajili ya Yule aliyemtokea, na wapagani kwa ajili ya malaika. Wapagani waliweka taa kando ya kisima cha hapo, wakamimina divai na kutupa sarafu na mikate ndani yake, kwa hiyo wakati wa sikukuu hakuna aliyechota maji hapo. Kaisari Konstantino alipopata habari hizo kutoka kwa mama mkwe wake, Eutropia, aliamuru matambiko hayo yakome na kanisa lijengwe.

Mnamo mwaka 570 msafiri mmoja kutoka Piacenza, Italia, alifika penye kaburi lenyewe. Alikuta kanisa lenye kiambaza katikati: Wakristo waliingia upande mmoja, Wayahudi upande wa pili, na wote walifukiza ubani mwingi.

Chini ya utawala wa Waislamu kanisa likawa msikiti, na ukarimu wa Ibrahim ukawekewa wakfu. Nasir Khusraw, Mwajemi aliyefika mwaka 1047, aliona kila mgeni akipewa mkate, bakuli la dengu zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni, na zabibu kavu. Anasema siku nyingine walikuja watu 500. Kwangu mimi, katika historia yote ya mahali hapa, hakuna waliomwelewa Ibrahim kuliko wapishi wale. Desturi hiyo inaendelea katika jiko liitwalo Takia, linalogawa chakula mpaka sasa, na Ramadhani ndipo foleni huwa ndefu zaidi.

Wapiganaji wa Vita vya Msalaba waliugeuza msikiti kuwa kanisa. Salahuddin akaurudisha baada ya ushindi wake wa 1187. Sultani Baibars, katika miaka ya 1260, alipiga marufuku wasio Waislamu kuingia. Kwa karne nyingi Wayahudi waliishia kwenye daraja la saba la ngazi za nje na kusali hapo. Katika ghasia za 1929 Wayahudi 67 waliuawa mjini. Wengi waliopona walifichwa na majirani zao Waarabu. Israeli iliuteka mji mwaka 1967. Tarehe 25 Februari 1994, alfajiri ya Ramadhani, mlowezi wa Kiyahudi aliwafyatulia risasi Waislamu waliokuwa wakiswali akaua 29.

Tangu hapo jengo limegawanywa. Waislamu wana ukumbi wa Isaka na Rebeka. Wayahudi wana upande wa Yakobo na Lea. Chumba cha Ibrahimu kimo katikati, na kila upande una dirisha lake la kukitazama. Kwa utaratibu uliowekwa, siku 10 za mwaka Wayahudi hupewa jengo zima, Yom Kippur, siku yao ya upatanisho, ikiwemo, na kwa siku nyingine 10 hupewa Waislamu, pamoja na Idd al-Adha, sikukuu ya kukumbuka utiifu wa Ibrahim alipotakiwa kumtoa mwanawe sadaka.