Haki ya Kuzima Picha

Wengi ninaozungumza nao habari za intaneti hudhani kwamba picha, sauti na vikatuni vinavyorukaruka vilikuwemo humo tangu siku ya kwanza. Sivyo hata kidogo. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN mjini Geneva, alipoandika pendekezo lake mwaka 1989, alitafuta njia ya kuunganisha maandishi ya wanasayansi yaliyotawanyika katika kompyuta za aina nyingi. Kivinjari cha mwaka 1991, ambacho kiliweza kufanya kazi karibu katika kila aina ya kompyuta, kilionyesha maandishi matupu. Viungo vilipewa namba, na msomaji aliyetaka kufuata kiungo aliandika namba yake. Basi. Ilikuwa ni kusoma, wala si kutazama.

Mwaka 1992, huko Marekani, watu wa Chuo Kikuu cha Kansas walitengeneza kivinjari kiitwacho Lynx. Nacho ni cha maandishi tu. Ajabu ni kwamba hadi leo hii kingali kinatunzwa na wapo wanaokitumia, wakati ndugu zake wengi waliozaliwa na fahari kubwa wamekwisha kuzikwa.

Picha ziliingia ndani ya ukurasa mwaka 1993. Kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marc Andreessen, alipendekeza mwezi Februari mwaka huo alama fupi ya kuiita picha ikae katikati ya maandishi, na pamoja na mwenzake Eric Bina akatoa kivinjari cha Mosaic. Watu walikipokea kama mvua baada ya kiangazi. Siwalaumu. Mimi nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na sijawahi kumshauri mwalimu aingie darasani kufundisha Bonde la Ufa bila ramani.

Lakini watengenezaji wale wa kwanza walikuwa na adabu moja ambayo napenda ndugu msomaji aikumbuke. Ndani ya Mosaic mlikuwa na mahali pa kuamuru picha zisubiri hadi zitakapoitwa. Netscape, kilichofuata mwaka 1994, nacho kilikuwa na mahali pa kuondoa alama ili picha zisijilete zenyewe. Sababu ilikuwa hesabu tu. Modemu ya simu ya wakati ule, ile ya kilobiti 28.8 kwa sekunde, hata ikifanya kazi bila kukwama, ilipitisha kilobaiti 3.6 tu kwa sekunde. Ukurasa wa maandishi wa kilobaiti 5 ulifika kabla hujamaliza kukaa vizuri kitini. Picha moja ya kilobaiti 50 ilichukua takriban sekunde 14, na kurasa nyingine zilikuwa na picha kumi.

Kisha ukaja wakati wa fujo. Lou Montulli, mmoja wa waliotengeneza Lynx pale Kansas, alihamia Netscape. Kwa maelezo yake mwenyewe, walikuwa baa na wenzake, akatania kwamba katika mambo yote mapya waliyokuwa wakiyabuni, Lynx ingeweza kuonyesha moja tu, nalo ni maandishi ya kuwaka na kuzimika. Mhandisi mmoja akarudi kazini usiku uleule akalitengeneza kweli. Ndivyo mzaha wa baa ulivyowaka machoni pa watu dunia nzima. Netscape 2.0 ya mwaka 1996 ikaongeza picha za GIF zinazochezacheza bila kikomo, na Internet Explorer ya Microsoft ikaleta maandishi yanayotembea kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, pamoja na muziki unaoanza wenyewe mara ukurasa unapofunguka. Katikati ya hayo, tangu Oktoba 1994, matangazo ya biashara yalikuwa yameanza kubandikwa juu ya kurasa. Nadhani hapo ndipo kiini kilipo. Mwenye tangazo halipi ili maandishi yasomwe. Analipa ili jicho litoke kwenye maandishi.

Huku kwetu gharama ilikuwa wazi zaidi. Kabla ya mkondo wa SEACOM kufika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009, mawasiliano yetu ya kimataifa yalitegemea satelaiti, na kafe za intaneti zilitoza kwa dakika. Nilikuwa nikiwaambia wanachuo wangu waliokwenda mjini kutafuta maandishi ya masomo yao kwamba, kabla ya lolote lingine, wafungue mipangilio ya Internet Explorer, waende sehemu ya mambo ya ziada, washuke hadi wakute mistari inayohusu picha, michezo ya picha, sauti na video, na waondoe alama zote nne. Kwa nusu saa waliyoilipia, mwanachuo aliyefanya hivyo alirudi na kurasa nyingi za kunakili, na yule asiyefanya hivyo alirudi na hadithi ya kusubiri. Wengine waliondoka bila kurudisha alama mahali pake, na mwenye kafe alinung'unika kwamba wateja waliofuata walidai kompyuta zake ni mbovu. Kumbuka malalamiko hayo, nitayarejea.

Sikuwaambia hivyo kwa sababu ya fedha peke yake. Katika mazoezi ya kufundisha, kosa nililoliona mara nyingi kuliko yote ni la mwanachuo mwenye bidii anayefunika ukuta mzima kwa chati za rangi, kisha akashangaa kwamba watoto wanatazama picha ya simba wakati yeye anaeleza sehemu. Kanuni yetu ya zamani ni kwamba zana ikimaliza kazi yake huondolewa au hugeuzwa. Mwaka 2000 Roxana Moreno na Richard Mayer walichapisha matokeo ya majaribio yao kuhusu jambo lililo karibu na hilo: walichukua somo la kompyuta linaloeleza jinsi radi inavyotokea, wakaliongezea muziki na sauti za kupamba. Wanafunzi waliosikilizishwa muziki huo walikumbuka machache kuliko wale waliopewa somo lenyewe tu. Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha karibu na uwanja wa mpira asingehitaji jaribio hilo, ila ni vizuri kuwa nalo.

Kuna watu ambao kwao jambo hili si la starehe. Tarehe 16 Desemba 1997, katuni ya Pokémon iliyoonyeshwa katika televisheni ya Japani ilikuwa na sehemu ambapo rangi nyekundu na bluu zilibadilishana kwa kasi. Watoto wapatao 685 walipelekwa hospitalini, baadhi yao wakiwa wameshikwa na degedege. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa za wavuti wa mwaka 2008 ukaweka mipaka: kitu kisiwakewake zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja, kinachojiendesha chenyewe zaidi ya sekunde tano kiwe na namna ya kusimamishwa, na sauti inayojianzisha ikizidi sekunde tatu msomaji awe na njia ya kuizima. Hilo la sauti, wengi huliona dogo. Lakini mfikirie asiyeona, ambaye kompyuta humsomea ukurasa kwa sauti. Wimbo wa tangazo ukianza, humfunika msomaji wake, naye hawezi hata kukiona kitufe cha kuuzima.

Sasa nirudi kwa mwenye kafe. Agosti 2013 walitoa Firefox 23, na katika toleo hilohilo walifanya mambo mawili. Waliondoa kabisa maandishi ya kuwaka na kuzimika, yale ya mzaha wa baa. Siku hiyohiyo wakaondoa pia, katika mipangilio ya kawaida, kile kisanduku cha kukataa picha. Hoja yao ilikuwa ileile ya mwenye kafe: mtu anaweza kuondoa alama bila kukusudia, kisha akadhani kivinjari kimeharibika. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini mimi siikubali. Kama mlango unawachanganya wageni, unaandikwa kibao. Hauzibwi kwa matofali. Uwezo wenyewe haukufutwa, ulifichwa katika orodha ndefu ya maneno ya kifundi ambamo mtu wa kawaida haingii, na ukiingia humo utakuta hata amri moja nzuri sana inayoruhusu picha ichezecheze mara moja tu kisha itulie.

Ni haki pia kusema kwamba upepo ulirudi upande wa pili. Mwaka 2010 Safari ya Apple ilileta kitufe cha kuvua ukurasa mapambo yake na kubakiza makala peke yake, na vivinjari vingine vikafuata. Flash, programu iliyobeba sehemu kubwa ya matangazo ya kurukaruka, ilifika mwisho wake tarehe 31 Desemba 2020. Aprili 2018 Chrome ya Google ilianza kuzuia video zinazojianzisha zikiwa na sauti. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2006, Opera Mini ilikuwa imewapa watu wa simu ndogo njia yao: ukurasa hubanwa kwanza katika seva za kampuni, ndipo huletwa simuni ukiwa umepungua uzito, na picha waweza kuzizima kabisa. Kwa watu wa bando dogo, nathubutu kusema, hicho kimekuwa msaada mkubwa kuliko mikutano mingi niliyohudhuria kuhusu teknolojia katika elimu.

Wapo wanaosema kwamba anayezuia picha na matangazo anamnyima mwenye ukurasa riziki yake. Kuhusu tangazo lililotulia pembeni, nawasikiliza. Kuhusu lile linalopiga kelele, siwasikilizi, kwani hata sokoni muuzaji hana ruhusa ya kukushika shati.

Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa Juni 2022, na alama zake nne zikaenda nayo. Katika Chrome ya leo, ukifungua mipangilio ya tovuti, picha na sauti zimo bado, kila moja na mahali pake pa kukataa. Kwenye simu yangu sauti nimeizima kwa kila tovuti. Picha nimeziacha, kwa sababu ya ramani.