Jabali la Kujur na Dawa za Kumtuliza Mtoto

Magharibi ya mji wa Juba, kando ya barabara iendayo Yei, umesimama mlima wa mawe uitwao Jebel Kujur. Mtaa uliokua chini yake huitwa Jebel tu, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya mkalimani: ni neno lile lile la Kiarabu lililotupatia sisi jabali. Tangu Sudan Kusini ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, mji huo umekuwa jirani yetu kwa sheria kama ulivyokuwa jirani yetu kwa biashara. Twautumia mlima huo leo kuwa mlango wa kuingilia swali ambalo wazazi huwauliza walimu mara kwa mara: mtoto asiyetulia, asiyesikiliza darasani, au aliyejaa huzuni, apewe kitu gani cha asili ili moyo wake utulie na akili yake ikae pamoja? Swali hili ni la zamani sana, na majibu yaliyokwisha kujaribiwa ni mengi.

Tuanze na hilo jina. Kujur, katika Kiarabu cha Sudan, ni mtu asemaye na mizimu, mwenye kuagua maradhi na kueleza yaliyofichika. Maafisa wa Kiingereza walilichukua neno hilo wakalitumia ovyo kwa waganga wa kila kabila, Wanuba kwa Wabari, ijapokuwa kila watu walikuwa na majina yao na kazi zilizotofautiana. Mtoto aliyebadilika tabia ghafla alipelekwa kwa mtu wa namna hii kwa sababu tatizo lake lilikwisha kupewa jina la kimizimu. Nasi wa pwani tusijione tu mbali na jambo hilo. Homa kali imtingishapo mtoto twaiita degedege, na jina hilo lilichukuliwa kutoka kwa ndege aliyedhaniwa kumpitia mtoto usiku. Watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta kwamba wazazi wengi, kwa sababu ya jina hilo, walimpeleka mtoto kwa mganga kwanza na hospitali baadaye, hali mara nyingi ugonjwa wenyewe ulikuwa malaria. Jina la ugonjwa ndilo lililochagua dawa.

Mbali na waganga, akina mama walikuwa na jiko lao. Huko Sudan kuna karkade, ukwaju na hulba. Kuna na mafuta ya lulu, yatokanayo na mti umeao kwa wingi katika ardhi ya Sudan Kusini na kaskazini ya Uganda, ambayo hupakwa mwilini na kuliwa pia. Pwani kuna habasoda, asali, na mvuje afungwao mtoto mkononi. Vingi katika hivi ni vyakula vyema, na mkono wa mama unaompaka mtoto mafuta una utulivu wake ambao hakuna duka liuzalo. Lakini sifa ya kunoa akili, waliyopewa karibu vyote, haijathibitishwa hata kwa kimoja. Asali nayo, pamoja na heshima yake yote, haifai kabisa kwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, kwani yaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda.

Hapo tena zikaja chupa. Katika Uingereza ya karne ya 18 na ya 19, wanawake waliofanya kazi viwandani waliwaacha watoto wao na walezi, na walezi wakawanywesha dawa tamu iliyoitwa Godfrey's Cordial, ambayo kiini chake kilikuwa afyuni. Marekani nayo, kuanzia mwaka 1849, iliuza Mrs. Winslow's Soothing Syrup, yenye mofini ndani yake. Watoto walitulia kweli kweli. Wengine hawakuamka tena. Hapakuwa na sharti la kumwambia mnunuzi kilichomo mpaka sheria ya mwaka 1906 ilipowalazimisha watengenezaji kuandika mofini juu ya chupa. Hata ile dawa ya tumbo la watoto iitwayo gripe water, iliyobuniwa na William Woodward mjini Nottingham mwaka 1851 na ambayo ingali rafuni katika maduka yetu mengi, kwa zaidi ya karne nzima ilikuwa na kileo ndani yake; huko Uingereza kiliondolewa mwaka 1992. Wauzaji hawa wote walizisifu bidhaa zao kuwa laini na salama kwa mtoto. Nasi twaona kwamba afyuni pia hutoka katika ua, na kwa hiyo neno asili, likiwa peke yake juu ya karatasi ya chupa, halimwambii mzazi jambo lolote.

Wakati chupa hizo zikipata fedha, kitu kingine kilikuwa kikitafutwa kimya kimya. Kuanzia mwaka 1917, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, madaktari David Marine na Oliver Kimball waliwapa wasichana wa shule kiasi kidogo cha iodini, ambayo sisi twaiita madini joto. Kati ya wasichana zaidi ya elfu mbili waliokunywa, watano tu walivimba rovu. Kati ya wengine idadi kama hiyo ambao hawakunywa, walivimba karibu mia tano. Uswisi ikaanza kutia madini joto katika chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan mwaka 1924. Rovu ni dalili ya nje tu. Mama mjamzito akiyakosa sana madini hayo, ubongo wa mtoto hupungukiwa kabla hajazaliwa, naye huja darasani mzito wa kusikia na wa kuelewa, akaitwa mvivu. Watu wa milimani ndio walioumia zaidi, kwa kuwa mvua huosha udongo wao. Jebel Marra, jabali jingine la Sudan, lilijulikana kwa rovu; na uchunguzi wa miaka ya 1980 huko Darfur ulionyesha kuwa hata uwele, chakula chao cha kila siku, unachangia kuizuia tezi kufanya kazi yake.

Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika, kuanzia mwaka 1986 hadi katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2009 wachumi watatu waliandika kwamba watoto ambao mama zao walivipata walisoma shule kwa muda zaidi, kati ya theluthi moja na nusu ya mwaka hivi, na wasichana walinufaika kuliko wavulana. Yafaa tuseme pia kwamba wataalamu wengine waliirudia hesabu hiyo, na mwaka 2020 wakatangaza kuwa faida haikuonekana wazi kama ilivyodaiwa. Hata hivyo madhara ya kuyakosa madini yenyewe hayana ubishi. Chumvi hiyo haitaki mengi: ifunikwe, isiachwe juani, na itiwe chungu kikaribiapo kuiva.

Kuna na matatizo ambayo hata chumvi haiyawezi. Ukisafiri kutoka Jebel kuelekea magharibi utafika Maridi na Mundri, ambako watoto wengi wameshikwa na ugonjwa wa kutikisa kichwa: mtoto aonapo chakula au ahisipo baridi, kichwa huanguka mara kwa mara na fikira humpotea. Daktari Louise Jilek-Aall aliwaona watoto wa namna hiyo huko Mahenge, Tanzania, mapema katika miaka ya 1960. Utafiti umeuhusisha na minyoo ienezwayo na usubi, inzi wadogo wazaao penye maji yaendayo kasi, kama yale yamwagikayo kutoka katika bwawa la Maridi. Watoto hao wahitaji vidonge vya kifafa kila siku bila kukatiza, na kila mwezi unaopotea kwa kujaribu mizizi ni mwezi wa kuanguka, hata motoni.

Mwezi wa Julai 2016 mapigano makali yalizuka Juba, na Jebel iliumia sana, kwani hapo palikuwa na kambi ya wapinzani, na karibu nayo makao ya Umoja wa Mataifa pamoja na maelfu ya raia waliokuwa wakiishi kwenye mahema tangu vita vya Desemba 2013. Mtoto aliyeyapitia hayo aweza kushtuka mlango ufungwapo kwa kishindo, kukosa usingizi, na kuyatazama maandishi ubaoni asiyaone. Mama yake akiingia sokoni kuuliza dawa ya utulivu, muuzaji atampa chupa aliyo nayo. Mwalimu ndiye aliye na mtoto huyo tangu asubuhi hadi mchana, naye aweza kumwuliza mama kama mwanawe alikula jana, kama analala usiku, na alikuwa wapi mwaka ule.