Safu ya Lugha: Toleo, chapa au nakala?

Mzazi anayetafuta kitabu cha shule Makutano, Meru, anaweza kuulizwa kama anataka nakala mpya au ya zamani. Muuzaji anakusudia toleo. Nakala, neno tulilopewa na Kiarabu, ni kitabu kimoja kimoja: mtu hununua nakala kumi za toleo lile lile.

Toleo limezaliwa na kutoa, na kitabu kikitolewa upya msomaji hutarajia kilichomo kiwe kimeguswa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981, toleo la pili likafuata 2004 na la tatu 2013. Chapa, yenye asili ya Kihindi, ni zamu ya mtambo tu: maneno yale yale, karatasi mpya. (Chapa ya ng'ombe na "chapa kazi" ni habari nyingine.)

Wapenzi wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika ulioanza Marekani mwaka 1974, wana kizungumkuti chao. Toleo la tano lilitoka 2014. Mwaka 2022, sheria mpya zilipoanza kufanyiwa majaribio hadharani, wengi walisubiri la sita. Kitabu cha wachezaji cha 2024 kikabadilisha mengi, hata "mbari" za wahusika zikawa "spishi", lakini kampuni inayouchapisha mchezo huo ikashikilia kwamba toleo bado ni la tano.

Kwa Kiswahili, utetezi huo ni mgumu. Sheria zikibadilika, hiyo si chapa mpya tu. Toleo la tano lililorekebishwa, labda. Nakala mpya, hapana.