Gari la 502: Kutoka Mjini hadi Bububu, na Njia ya Kupanda Kidichi

Unguja haina mlima. Sehemu yake ya juu kabisa, ule mgongo wa Masingini, haifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Hata hivyo, ukipanda upande wa Kidichi unaiona minazi ikiteremka mpaka pwani, na upepo wa huko si ule wa mjini. Gari la kukusogeza huko ni namba 502, gari la Bububu.

Kwa miaka mingi gari hizi zilikuwa zikipakia abiria Darajani. Zikitoka mjini hushika barabara ya kaskazini kwa kufuata pwani. Unapita Marahubi, kwenye magofu ya jumba la Seyyid Barghash lililoungua mwaka 1899. Halafu Mtoni, alikozaliwa Bibi Salme binti Seyyid Said mwaka 1844. Unapita Kibweni na Beit-el-Ras, kisha Bububu.

Njia hiyo iliwahi kuwa ya treni. Kampuni ya Kimarekani ilijenga reli kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, kiasi cha kilomita 11, na treni ikaanza kwenda mwaka 1905. Ilifanya safari sita au saba kwa siku. Siku za meli kubwa kutia nanga lilifungwa behewa la daraja la kwanza, wageni wapate kuliona shamba kabla ya kurudi melini. Ndani ya mji reli ilipita vichochoroni, karibu na milango ya watu. Serikali iliinunua mwaka 1911. Barabara ya magari ilipofika, treni ikaacha kuchukua abiria mwaka 1922, ikabaki kubeba mawe ya kujengea bandari. (Reli ya kwanza Unguja si hii. Seyyid Barghash alikuwa na yake ya kwenda Chukwani, ikivutwa na nyumbu kabla ya kuletewa kichwa cha moshi kutoka Uingereza.)

Sasa tuje kwenye ubishi wa barazani: jina Bububu limetoka wapi? Wengi husema ni mlio wa ile treni, bu-bu-bu. Wengine husema ni sauti ya chemchemi. Sisi tunaona tarehe zinaamua nusu ya ubishi huu. Bibi Salme aliondoka Zanzibar mwaka 1866, na katika kitabu chake kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1886 anaitaja Bububu kwa jina hilohilo, kwa kuwa alikuwa na nyumba ya shamba huko. Treni ilikuja karibu miaka 20 baada ya kitabu. Basi treni haikuipa Bububu jina. Chemchemi ipo tangu zamani, na maji ya huko ndiyo Seyyid Barghash aliyoyavuta kwa mfereji mpaka mjini katika utawala wake, uliokwisha mwaka 1888.

Maji hayo ndiyo sababu ya msitu wa Masingini kulindwa usikatwe. Mvua inayonyesha juu huzama ardhini na kutokea chini kwenye chemchemi. Anayekata kuni huko anagusa ndoo ya mtu wa Mji Mkongwe, ingawa hawajuani.

Kwenda juu, shuka Bububu ushike barabara inayoingia ndani, upande wa mashariki, inayoelekea Kizimbani, moja ya mashamba ya mwanzo ya mikarafuu Unguja. Kidichi iko kiasi cha kilomita tatu au nne, na mwenye miguu mizuri huenda bila gari. Hapo ndipo yalipo mabafu ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Nje ni jengo jeupe la mapaa ya kuba, si kubwa. Ingia ndani utazame kuta: zimetiwa nakshi za chokaa, maua na ndege, kwa mtindo wa kwao huyo bibi.