Nyokabi: Jina la Mataifa Mawili

Ukimwita msichana wa Kikuyu kwa jina la Nyokabi, msomaji, umetaja mataifa mawili kwa neno moja. Wakikuyu huwaita Wamaasai Ukabi. Nyokabi basi ni mwanamke wa asili ya Ukabi. Wakamba huwaita jirani hao Akavi, na watu wa pwani tangu zamani walikuwa na neno Wakwavi. Sikiliza jinsi maneno hayo yanavyofanana.

Usidhani jambo hili ni la kwetu tu. Katika mji wa Assisi, nchini Italia, mtoto mmoja wa karne ya 12 alibatizwa Yohana, lakini baba yake akamwita Francesco, maana yake Mfaransa. Mtoto huyo alikuja kuwa mtakatifu mashuhuri, na baada ya kufa kwake mwaka 1226 jina lake lilienea duniani: Wahispania husema Francisco, Wajerumani Franz, nasi twasema Fransisko.

Jina la Nyokabi nalo limerithiwa. Kwa desturi ya Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na wa pili jina la mama wa mama yake. Hivyo Nyokabi wa leo huenda hajui hata neno moja la Kimaasai, lakini jina lake lakumbusha ndoa na vita vya kale, na njaa ya miaka ya 1890, wakati maradhi yalipoangamiza ng'ombe na Wamaasai wengi wakakimbilia kwa Wakikuyu.

Sasa itazame Olenguruone, katika miinuko ya Mau. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilianza kuwapeleka huko Wakikuyu waliotolewa katika nchi ya Wamaasai. Wengi walikuwa wamekaa huko miaka mingi, na baadhi yao walikuwa na damu ya pande zote mbili. Lakini sheria iliuliza kabila tu, haikuuliza majina ya bibi zao. Serikali iliwawekea masharti ya kilimo. Wao waliiona ardhi ile kuwa fidia ya mashamba waliyopoteza. Walikataa, wakala kiapo, na kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengine wakapelekwa Yatta, penye ukame. Mwaka 1992, na tena mwaka 2008, watu wa sehemu hizo walifukuzwa makwao kwa ajili ya kabila.

Ni kweli, jina si hati ya shamba, wala halimpi mtu haki kuliko jirani yake. Lakini ni ushahidi kwamba waliotengwa kwa mipaka walikwisha kuoana kabla mipaka haijachorwa. Basi waulize wazee wako majina ya bibi zao, uyaandike, na kila jina uulize lilitoka kwa nani.