Pesa za utamaduni kwenye bajeti ya kaunti: zinatoka wapi, na kikundi chenu kiziombe lini

Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa vikundi vya ngoma, nyimbo na maigizo mashinani yanafanana sana. Kikundi kinaitwa kutumbuiza Madaraka Dei, au mgeni mkubwa akija kufungua soko. Kinapewa soda na nauli. Kikienda ofisini baadaye kuulizia ngoma mpya au mavazi, kinajibiwa kwamba idara ya utamaduni haina pesa. Mara nyingi jibu hilo ni la kweli, kwa sababu pesa za mwaka huo zilikwisha kugawanywa miezi mingi kabla kikundi hakijabisha hodi.

Hapa tunaeleza pesa za utamaduni nchini Kenya zinatoka wapi, nani huzigawa, na ni miezi gani kikundi cha kijijini kinaweza kusikilizwa.

Mlango wa kwanza ni kaunti

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Inaitaka serikali ikuze utamaduni kupitia fasihi, sanaa, sherehe za kimila, maktaba na njia nyingine.

Kazi hiyo imegawanywa katika Jedwali la Nne la Katiba. Serikali kuu ina maeneo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Taasisi kama Makavazi ya Kitaifa na Bomas of Kenya pia ziko upande wake. Kaunti zimepewa shughuli za utamaduni, burudani ya umma, maktaba, makumbusho ya kaunti, na viwanja na majengo ya utamaduni. Kwa hiyo kikundi cha kijijini hakina haja ya kuanzia Nairobi. Kianzie kwa afisa wa utamaduni wa kaunti, au kwa msimamizi wa wadi.

Pesa zinatoka wapi?

Sehemu kubwa ya pesa za kaunti ni mgao unaotoka kwa serikali kuu. Katiba inasema kaunti zote kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kutumia hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa. Kaunti huongezea ada na kodi inazokusanya yenyewe, kama vile ada za soko na leseni za biashara.

Pesa zikishafika, Katiba haisemi ni shilingi ngapi ziende kwa utamaduni. Hilo huamuliwa na serikali ya kaunti na kupitishwa na bunge la kaunti. Kwa kawaida utamaduni huwekwa katika idara moja na mambo mengine: michezo, vijana, jinsia, utalii au huduma za jamii. Ngoma na uwanja wa mpira vinaweza kugombea kapu moja, na anayenyamaza hubaki nyuma.

Serikali kuu pia ina mfuko wa michezo, sanaa na maendeleo ya jamii, unaopata pesa zake hasa kutokana na kodi za michezo ya kamari na bahati nasibu. Humo nako sanaa hugawana na wengine.

Tuangalie isukuti

Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kaunti ya Kakamega. Jina lake linatokana na ngoma zenyewe, ambazo hupigwa tatu kwa pamoja: kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya paa na njuga za chuma. Huchezwa mtoto akizaliwa, kwenye harusi, mazishini na katika shughuli nyingine nyingi za maisha.

Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu zilizotolewa wakati huo zinaeleweka na mtu yeyote wa kijijini. Wengi wa wanaoijua vizuri ni wazee, na hawana warithi wa kutosha. Pesa na vifaa vya kutengenezea ngoma na mavazi ni haba. Nao watunzi wengi wanapendelea burudani inayolipa.

Wapo wanaodhani kuingia katika orodha hiyo kunaleta pesa moja kwa moja. Sivyo. Nchi inaweza kuomba msaada wa UNESCO kwa mradi maalumu, lakini jukumu la kila siku hubaki kwa nchi yenyewe na kwa jamii. Mzee anayefundisha vijana kuwamba ngoma anahitaji ngozi, mti na muda mwaka huu. Vitu hivyo ndivyo bajeti ya kaunti inaweza kulipia, ikiwa vimeandikwa ndani yake.

Kuna hatari hapa. Tamasha la siku mbili ni rahisi kuingia katika bajeti, kwa sababu lina tarehe, jukwaa na wageni. Nalo lina faida, maana wafanyabiashara huuza na vijana huona mila zao zikiheshimiwa. Lakini tamasha humwonyesha mpigaji ngoma aliyepo. Kumpata mpigaji mpya kunahitaji mafunzo ya miezi, na mafunzo hayo yasipoombwa na wenyewe ni rahisi kusahaulika.

Kalenda ya kukumbuka

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya siku hiyo kuna hatua ambazo sheria imeziwekea tarehe:

- Kufikia 1 Septemba, kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Wazo ambalo halimo humo hupata shida kuingia baadaye. Peleka lako Julai au Agosti.
- Kufikia 28 Februari, huwasilishwa waraka wa mikakati ya fedha. Huu ndio unaoweka kikomo cha pesa za kila idara. Hudhuria vikao vya Januari na Februari.
- Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti hufika kwenye bunge la kaunti. Kamati ya bajeti hupokea maoni ya wananchi kabla ya kuyapitisha. Wakati huu mwakilishi wadi akitaka kuongeza pesa mahali, lazima zipunguzwe mahali pengine.
- Kufikia 30 Juni, bajeti inatakiwa kuwa imepitishwa.

Upo pia mpango wa miaka mitano, unaojulikana kama CIDP. Uliopo sasa ni wa 2023 hadi 2027. Muulize msimamizi wa wadi kama jambo lenu limo.

Ushirikishaji wa wananchi katika mambo ya fedha ni takwa la Katiba, kifungu cha 201. Matangazo ya vikao hutolewa redioni, magazetini, kwenye baraza la chifu na kwenye mitandao ya kaunti.

Ombi lenye uzito

Kusema "tusaidieni kulinda mila zetu" hakumpi afisa kitu cha kuandika kwenye bajeti. Sema mnachotaka, idadi, mahali na bei. Kwa mfano: seti mbili za ngoma, mavazi ya watu ishirini, na mafunzo kila Jumamosi kwa muda wa miezi sita katika shule ya msingi ya kijiji chenu. Tafuta bei kwa fundi na uiandike. Peleka barua nakala mbili, moja ipigwe muhuri na mrudi nayo.

Kikundi kiwe kimesajiliwa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi. Usajili hufanywa na ofisi ya maendeleo ya jamii. Muwe pia na katiba ya kikundi, viongozi waliochaguliwa na akaunti ya benki yenye jina la kikundi.

Mkiitwa kutumbuiza kwenye hafla ya serikali, ombeni kabla ya siku hiyo oda ya maandishi yenye kiasi mtakacholipwa. Ahadi ya mdomo haina voucha. Na kama wanachama wengi ni vijana, wanawake au watu wenye ulemavu, ulizeni kuhusu asilimia 30 ya zabuni za serikali waliyotengewa.

Kufuatilia baada ya bajeti kupita

Pesa kuandikwa ni jambo moja, kutumika ni jingine. Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti kila robo mwaka kuhusu namna kaunti zinavyotumia pesa, na ripoti hizo zinasomeka kwa simu yenye intaneti. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye hukagua kila mwaka.

Mwananchi pia ana haki ya kuomba taarifa. Sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Andika ombi fupi: idara ya utamaduni ilitengewa kiasi gani mwaka huu, na kimetumika kwa nini? Usipojibiwa, unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kikundi kilichokosa kikao cha Agosti bado kina Februari na Mei, na kilichokosa vyote kianze kutayarisha barua ya Julai sasa. Mchagueni mwanachama mmoja wa kufuatilia matangazo ya kaunti, na namba yake ya simu muiache kwa msimamizi wa wadi.